Nilimkejeli mwanafunzi aliyenisahihisha Kiingereza, kumbe alikuwa sahihi

BARUA

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule ya sekondari ya kata, mkoani Dodoma. Nina miaka 36, nina mke na watoto wawili, na huu ni mwaka wangu wa tisa kazini. Nakuandikia usiku, nyumbani wamelala, kwa sababu jambo hili sijaweza kumweleza mtu yeyote likiwa zima.

Mwezi wa pili nilikuwa na kidato cha tatu, tumefika kwenye nguvu zinazobadilisha uso wa dunia, na siku hiyo mada ilikuwa kazi ya upepo. Niliandika ubaoni: "The wind has blew away the top soil." Nikageuka nianze kueleza. Binti mmoja anayekaa mbele, upande wa dirishani, akanyoosha mkono. Nikamruhusu. Akasimama, akasema kwa sauti ya chini sana, "Samahani mwalimu, nadhani ni has blown."

Mama, yule mtoto hakunidharau. Hata uso wake ulikuwa umeinama. Lakini mle darasani kuna wanafunzi 60 na ushee, wote wakanitazama, na masikio yangu yakawaka moto. Ningeweza kusema, "Ngoja tuangalie." Badala yake nikamwambia, "Kumbe siku hizi kipindi ni chako? Basi njoo uchukue chaki." Darasa likacheka. Kicheko kile kikanipa nguvu nisiyoijua imetoka wapi, nikaongeza, "Na hicho Kiingereza umejifunzia wapi, kwenye karanga?" Mama yake anauza karanga pale stendi, na hakuna mwanafunzi asiyemjua. Wakacheka zaidi. Binti akakaa.

Jioni nilifungua kamusi. Blow, blew, blown. Alikuwa sahihi.

Nilijiambia yatapita. Wiki kama tano baadaye nilikuwa ofisini, mwalimu wa Kiingereza anasahihisha jaribio la katikati ya muhula. Akasema kwa mshangao, "Huyu binti hajawahi kuniangusha, leo kanijazia has blew. Kapatwa na nini?" Nikachungulia. Ulikuwa mwandiko wake. Swali lilitaka wajaze nafasi kuhusu upepo uliong'oa paa, na yeye amejaza neno lile nililoliandika mimi ubaoni. Limekatwa kwa wino mwekundu. Nikatoka nje nikasimama chini ya mwarobaini mpaka kengele ikalia.

Tangu siku ile hanyooshi mkono kwenye kipindi changu. Nikisema ukweli wote, hakuna anayenyoosha tena, si yeye tu.

Mimi msingi nilisoma kwa Kiswahili. Vile vitenzi vya Kiingereza visivyofuata kanuni tuliviimba darasa la sita, go went gone, see saw seen, tunapiga madawati. Nilivijua kama wimbo, na kwenye mtihani wa kujaza jedwali nilipata zote. Lakini nikizungumza au nikiandika haraka, neno linalokuja ni lile la katikati. "Has broke", "have went", "was wore". Nikihesabu miaka 9 na madarasa niliyopita, sijui ni daftari ngapi ziko majumbani kwa watu zikiwa na makosa yangu.

Siku hizi naandika sentensi fupifupi ili nisikutane na "has" wala "have". Sehemu kubwa ya kipindi naeleza kwa Kiswahili, na wanaelewa vizuri tu, ila najua mtihani wao utakuja kwa Kiingereza. Mwalimu mwenzangu nilimdokezea kidogo, akaniambia, "Ukiwaomba radhi hawa leo, kesho watakupanda kichwani." Mke wangu nilimweleza habari ya kitenzi tu, ya karanga nikaificha, akasema niachane nayo, watoto husahau. Mjini kuna darasa la jioni la Kiingereza, lakini wanaosoma pale ni pamoja na wazazi wa wanafunzi wangu na vijana niliowafundisha mwenyewe. Nimefikiria pia kuomba kuhamia shule ya msingi, ambako nitafundisha kwa Kiswahili.

Nimwombe radhi? Mbele ya darasa au pembeni? Nimwambie kwa maneno gani? Na mtu wa umri wangu anaweza kweli kuvishika vitenzi hivi, au ni kama kumfundisha ng'ombe mzee kulima?

Mwalimu wa Jiografia, Dodoma

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole, na asante kwa kuandika.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Umefunga mambo mawili kwa kamba moja, nami naomba tuifungue kwanza. Kuna kitenzi, na kuna karanga. Sehemu kubwa ya barua yako ni kitenzi. Lakini mke wako umemweleza kitenzi ukaificha karanga, na hapo ndipo nilipoweka kitabu chini nikakuwaza. Kama siku ile ungesema tu, "Kaa, tutaangalia baadaye," kisha ukagundua umekosea, je, ungekuwa macho usiku huu? Sikuulizi ili nikubane. Nauliza kwa sababu mtu akiamini kwamba tatizo lake lote ni Kiingereza, atakwenda kusoma Kiingereza miaka miwili, arudi akiwa fasaha, na bado ashindwe kumtazama yule binti pale dirishani.

Nianze na kitenzi, maana ndicho chepesi.

Unajiona kama mtu aliyeingia nyumba ya watu na viatu vyenye tope. Basi nikusimulie kidogo habari za wenye nyumba. Thomas Gray, mshairi Mwingereza, alipochapa mwaka 1751 shairi lake maarufu la makaburini, kichwa chake kilisema "wrote" mahali ambapo leo kila kitabu kinaandika "written". Ni kosa lako lilelile, neno la katikati likikaa kwenye kiti cha la tatu. Mwaka 1762 mwanakanisa Robert Lowth, ambaye baadaye alikuwa askofu wa London, alitoa kitabu cha sarufi akiwakemea waandishi wakubwa wa lugha yake, Milton akiwemo, kwa kuchanganya maumbo hayo mawili. Hao walizaliwa na Kiingereza mdomoni. Sikwambii haya ili urudi kuandika "has blew". Leo ni "blown", na msahihishaji atakata. Nakwambia ili ujue kwamba mahali ulipoteleza pana utelezi wa miaka mingi, na wengi wameanguka hapo kabla yako.

Halafu sisi Waswahili tuna sababu yetu ya kuteleza hapo, ambayo sidhani kama uliwahi kuelezwa. Katika lugha yetu wakati unakaa mbele ya kitenzi. Niliandika, nimeandika, nitaandika: mzizi umetulia, haubadiliki hata kidogo. Kwa hiyo ukishaandika "has", akili yako inaona -me- imeshawekwa na kazi imekwisha. Kwamba kitenzi chenyewe nacho kinatakiwa kigeuke tumboni, blow ikawa blown, kwetu ni kazi ya ziada isiyo na maana. Unapoharakisha unashika umbo la kwanza lenye harufu ya jambo lililopita, nalo ni "blew". Mtu asiyejua angesema hufikiri. Mimi naona unafikiri, tena kwa utaratibu, ila utaratibu wenyewe ni wa Kiswahili.

Na hiyo -me- uiangalie kwa jicho la pili. Mara nyingi inalingana na "have" na umbo la tatu, kama "nimeandika" na "I have written". Lakini "nimechoka" kwa Kiingereza ni "I am tired", na "amelala" mara nyingi ni kusema kwamba yuko usingizini sasa hivi. Tena sisi hatuoni tabu kusema "nimefika jana". Kiingereza kikishataja jana, "have" inaondoka na neno la katikati linarudi kwenye haki yake, "I came yesterday". Hapo kuna mtego mwingine, na afadhali uujue mapema.

Unauliza kama mtu wa miaka 36 anaweza. Nikuulize nami: nani alikufundisha kusema "njoo"? Kitenzi ni kuja, na kwa kanuni tungeamuru "ja". Tunasema njoo. Kwenda inakuwa nenda. Kuleta inakuwa lete, wala si leta. Amekula, lakini hajala. Ile ku- inakuja na kuondoka, na wewe hujawahi kukosea. Hukukalishwa na jedwali. Uliitwa "njoo" mara elfu kabla hujajua kutembea. Vitenzi vyetu vikaidi ndivyo vile vinavyotumika jikoni na mlangoni kila siku: kula, kunywa, kuja, kwenda, kuleta. Kiingereza nacho kiko hivyohivyo. Vitenzi vyake 10 vinavyotumika kuliko vyote, kama be, have, do, say, go, see, take, vyote havifuati kanuni. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichukua vitenzi 177 vilivyokuwa vikaidi katika Kiingereza cha kale, wakafuatilia vilikoishia. Leo vilivyobaki vikaidi ni 98. Wakaona kwamba kitenzi kinachotumika kwa nadra ndicho kinachokubali haraka kuvaa -ed kama wenzake, na kinachotumika sana hushikilia umbo lake la zamani. Kama nyumbani mna Biblia ya Kiingereza ya tafsiri ya 1611, fungua Luka 1:54. Mariamu anaimba "holpen" mahali ambapo leo tunasema "helped". Maana yake kwako ni kwamba vilivyobaki ni vile utakavyokutana navyo kila siku, na kitu cha kila siku huingia kwa kukutana nacho, umri wowote.

Sasa tazama somo lako. Nilikaa na kalamu nikajaribu kuorodhesha vitenzi vikaidi ambavyo mwalimu wa Jiografia hawezi kuvikwepa, na sikufika 30. Tena nikaona jambo ambalo pengine litakusaidia. Sentensi nyingi za somo lako, hasa upande wa maumbile ya dunia, zinasema jambo limefanyiwa kitu: rocks are worn away, are broken down, sand is blown, the ground is shaken. Zote hizo zinataka umbo la tatu. Lile la katikati, ambalo ndilo linalokujia kwanza, kwenye maelezo ya Jiografia lina kazi ndogo sana. Kwa hiyo huna haja ya kubeba wimbo wote wa darasa la sita. Unahitaji safu moja: worn, torn, broken, frozen, blown, thrown, grown, shaken, risen, fallen, sunk. Mto has cut bonde, ufa has split, jangwa has spread, na hivyo vitatu havibadiliki kabisa, vipumzikie humo. Uangalie majirani wanaofanana. Kwa kuwa blow inatoa blown, mkono utataka kuandika kwamba mto "has flown", na hapo mto utakuwa umeruka angani, maana flown ni ya fly. Flow ni mtiifu, inachukua flowed, na mto uliofurika has overflowed. Vilevile dhahabu ya Geita was found, lakini mji was founded. Vitenzi viwili tofauti, mavazi yanakaribiana.

Ule wimbo haukukufaa kwa sababu ulikupa maneno matatu yakiwa yamesimama peke yake, bila sentensi. Ukikaa kuandaa kipindi, jaribu kupitia maelezo yako ukipigia mstari kila kitenzi kinachofuata has, have, had, is, are, was, were na been. Hivyo tu. Kamusi nyingi za wanafunzi zina jedwali la vitenzi hivi kurasa za mwisho. Ukimaliza, isome sentensi nzima kwa sauti, ikiwa na upepo wake na udongo wake, mara kadhaa, mpaka "has blown" itoke mdomoni pamoja kama inavyotoka "amekula". Kwa vitenzi visivyofika 30 sidhani kama hiyo ni kazi ya kukukatisha tamaa.

Kuhusu darasa la jioni, sioni ubaya wake, ila najiuliza unamwogopa nani hasa. Mzazi atakayekukuta pale naye amekuja kujifunza. Inawezekana atakusema mtaani. Inawezekana pia ataona fahari kwamba mwalimu wa mwanawe bado anasoma. Wewe unaijua kata yako, mimi siijui. Kama uzito ni mkubwa, kuna mlango wa karibu zaidi: yule mwalimu wa Kiingereza ofisini. Angeweza kupitia maelezo yako mara moja kwa wiki, nawe ukambebea jambo lake jingine. Hatari yake ni kwamba kumwomba hilo ni kumfungulia siri, na ofisi za walimu zina masikio. Lakini yeye ana kitu ambacho wengine hawana. Anashangaa kwa nini mwanafunzi wake mzuri ameanguka, na wewe unadhani unajua sababu.

Nasema "unadhani" kwa makusudi. Umeshaamua kwamba binti alijaza "blew" kwa sababu yako. Huenda ni kweli. Mtoto anayeambiwa mbele ya watu kwamba hajui, anaweza kuacha kuamini anachokijua. Huenda pia siku hiyo alikuwa na njaa, au homa, au alichanganya tu kama ulivyochanganya wewe. Na huenda aliamua kwamba katika shule ile jibu salama ni la ubaoni. Anayejua ni yeye. Usijihukumu kwa karatasi moja, wala usiitupe hiyo karatasi.

Sasa karanga.

Rafiki yako anaogopa watakupanda kichwani, na sitamcheka. Kushika darasa la watoto 60 na ushee si mchezo, na mwalimu akiyumba huonekana. Ila umeniandikia mwenyewe kwamba tangu siku ile hakuna anayenyoosha mkono. Unafikiri ni kwa sababu wanakuheshimu zaidi? Nakuachia hilo. Mimi nikilisoma naona watoto wengi waliojifunza siku moja kwamba kusema jambo la kweli kwenye kipindi hiki kunaweza kumgharimu mtu jina la mama yake.

Ukichagua kusema mbele ya darasa, una sababu nzuri. Waliocheka walikuwepo, na radhi ya pembeni hawataisikia. Lakini fikiria atakavyokaa yeye dakika ile, macho yote yakimgeukia kwa mara ya pili. Ukilitaja neno karanga tena, hata kwa kulijutia, utakuwa umeliamsha, na mapumziko yatakuwa marefu kwake. Ukichagua pembeni, unamwepusha na macho hayo, ila darasa litabaki na ile picha ya kwanza. Tena kuna jambo lazima niliseme wazi: wewe ni mwanamume na yeye ni binti wa shule. Usimwite peke yake ofisini wala nyuma ya madarasa, hata kwa nia safi kama maji. Awepo matroni au mwalimu wa malezi, au iwe mahali pa wazi wanapopita watu. Hilo ni kwa ajili yake kwanza, na kwa ajili yako pia.

Wapo ambao wangeligawa: kosa la ubaoni lirekebishwe ubaoni, "wiki zile niliandika hivi, sahihi ni hivi, na nilisahihishwa kwa haki," bila kumtaja jina wala kumtazama, na lile la mama yake lisemwe kwake, kwa sauti ya chini, matroni akiwepo. Inanivutia njia hii. Nayo ina tundu lake, kwamba kejeli ilikuwa ya hadhara na radhi yake inakuwa ya siri. Unaweza kutaka kumwuliza yeye angependa ipi. Uliza, lakini ujue watoto wetu walivyolelewa. Mwalimu akimwuliza, atajibu "hamna shida mwalimu," hata kama shida imemjaa mpaka kooni. Jibu hilo usilichukue kama ruhusa ya kuacha.

Na mama mwenyewe, pale stendi? Alitajwa akiwa hayupo. Kama binti hakumwambia, wewe kwenda kumweleza kunaweza kumtonesha kidonda ambacho hakuwa nacho, na binti akaulizwa nyumbani kwa nini alinyamaza. Kama alimwambia, mama huyo anakuona ukipita. Hapa sina njia ya kukupa. Pengine baada ya kuzungumza na binti utajua zaidi kuliko tunavyojua sasa.

Njia ya kunyamaza nayo ipo, na mke wako hakuisema kwa ubaya. Watoto husahau mengi. Lakini alikushauri akijua nusu ya habari. Sijui angesema nini kama angeisikia yote, na nadhani yeye ndiye mtu wa kwanza anayestahili kuisikia, kabla ya mkuu wa shule, kabla ya darasa. Ungekuwa umejizoesha kulitamka neno lenyewe kwa mtu anayekupenda.

Kuhamia shule ya msingi ni uamuzi wa heshima kama unapenda kufundisha wadogo. Barua yako haina mstari hata mmoja unaosema unapenda kufundisha wadogo.

Zile daftari za miaka 9 zinakutisha kuliko zinavyostahili. Ndani yake kuna "has blew", sawa. Kuna pia kivuli cha mvua, tabaka za miamba, kusoma ramani, makorongo ya Kondoa, na vingine vingi ulivyovieleza mpaka mtoto wa Dodoma akaangalia vumbi la kwao akajua limetoka wapi. Wale waliomaliza huwezi kuwarudisha. Hawa wa kidato cha tatu bado wako na wewe mpaka wamalize cha nne. Maelezo ya kazi ya upepo ya mwezi ule yapo kwenye daftari zao, na sentensi ile bado imeandikwa humo. Unaweza kuwaambia wafungue ukurasa ule waisahihishe kwa kalamu, nawe ukiisahihisha ubaoni. Ni dakika mbili za kipindi.

Mwisho umeuliza umwambie kwa maneno gani. Nimelifikiria hili kuliko mengine yote. Sitakuandikia hotuba, kwa sababu atajua si yako. Naweza kukwambia ninayoyaogopa: usimweleze jinsi ulivyoona aibu, wala ulivyosoma msingi kwa Kiswahili, wala usiku ambao hukulala. Hayo ni mazito, na akiyapokea atalazimika kukubembeleza wewe. Aliyoyafanya ni mawili, alisema kweli na alisema kwa adabu, na anaweza kuambiwa hivyo. Mama yake anafanya kazi halali, na anaweza kuambiwa hivyo pia. Na wala usihangaike kutafuta Kiingereza chake. Siku ile ulimkejeli kwa Kiswahili.